Safari ya gunia la kahawa: siku 42 kutoka milima ya San Ignacio hadi bandari ya Paita

San Ignacio iko kaskazini mwa Peru, katika mkoa wa Cajamarca, pale nchi inapopakana na Ekuador. Kahawa tunayoifuata hapa ni ya shamba la hekta 2, mali ya mwanachama wa ushirika wenye vyeti viwili, cha kilimo hai na cha biashara ya haki. Msimu ni Julai. Siku zimehesabiwa kwa mwendo wa kawaida; mvua ikiingia, ongeza wiki nzima. Tunazihesabu moja moja kwa sababu mchumaji anadai ujira wake jioni ya siku ya kwanza, ilhali mnunuzi wa ng'ambo hulipa mzigo ukiwa umeshapakiwa melini. Katikati hapo pana siku 40 na zaidi za kungoja. Ukitaka kujua kama biashara ni ya haki, tazama kwanza nani anabeba ungojeo huo.

Siku ya 1. Shambani, mita 1,650

Ukungu haujainuka, vikapu vimeshafungwa kiunoni. Mibuni ni mchanganyiko: Typica ya zamani, Caturra, na Catimor iliyopandwa kwa wingi baada ya kutu ya majani kufyeka mashamba ya Peru mwaka 2012 na 2013. Juu yake imesimama miti ya guaba, jamii ya mikunde, inayotoa kivuli na kurutubisha udongo kwa majani yake.

Tunda lililoiva hutambulika kwa mkono kuliko kwa jicho. Liminye kwa vidole viwili: punje ikiteleza na kutoka yenyewe, limeiva, ikigoma, liache. Tunda bichi huleta ukakasi kikombeni, na halina dawa huko mbele. Kwa hiyo mti mmoja hupitiwa mara 4 au 5 kwa msimu, kila baada ya siku 15 hadi 20. Shida huanzia kwenye malipo. Mchumaji akilipwa kwa debe, atakamua tawi zima, mabichi na mabivu pamoja. Wakulima waangalifu hulipa kwa siku, au huongeza kitu juu ya kila debe lisilo na mabichi. Wengine huchuma kwa zamu za kusaidiana, leo kwangu kesho kwako. Wenyewe huita minga.

Yaliyodondoka chini huokotwa yote. Ndani yake hujificha broca, kidudu cheusi kidogo kinachotoboa tunda na kuzaliana ndani ya punje. Katika kilimo hai hakuna sumu ya viwandani ya kukimbilia, kwa hiyo usafi wa shamba ndiyo dawa: kuokota, kumalizia matunda yote yaliyobaki mtini mwisho wa msimu, kutega mitego ya pombe, na kunyunyizia kuvu ya Beauveria bassiana inayoua kidudu chenyewe.

Jioni matunda humwagwa kwenye pipa la maji. Mazito huzama, mepesi na yaliyotobolewa huelea. Yanayoelea huenguliwa na kukaushwa peke yake kwa ajili ya soko la ndani. Kisha humenywa usiku huohuo. Tunda likilala kwenye gunia hadi asubuhi hupata moto, na uchachu huanza bila mtu kuupangia.

Mashine ya kumenyea ni ya mkono: ngoma iliyovikwa bati lenye vinundu, na ubao wa kubania matunda mbele yake. Nafasi kati ya ngoma na ubao ndiyo kila kitu. Ikiwa finyu, hukata punje. Ikiwa pana, hupitisha matunda mazima. Menya kiasi kidogo, hesabu punje 100. Zikizidi 2 zilizokatwa, simamisha, legeza skrubu, jaribu tena. Mashine irekebishwe kila mchumo, maana matunda ya mwanzo wa msimu na ya katikati hayana ukubwa mmoja. Punje iliyokatwa huchacha kabla ya wenzake na kunuka. Ikiingia moja kwenye kikombe, kikombe kizima kimeharibika.

Siku ya 2. Tangi la kuvundikia

Punje zimelala tangini na ute wake, bila maji. Kwenye baridi ya mwinuko huu huchukua saa 16 hadi 24, pengine zaidi. Chini, kwenye joto, saa 12 zinatosha. Saa ya ukutani haiaminiki peke yake. Chomeka kijiti katikati ya tangi na ukichomoe: shimo likibaki wazi bila kuporomoka, ute umeachia. Kisha sugua punje kiganjani. Zikikwaruzana kwa sauti ya changarawe, osha sasa hivi. Ukikawia, uchachu wa siki huingia ndani ya punje. Ukiwahi, ute unaobaki utaota ukungu wakati wa kukausha.

Kosa kubwa la siku hii ni kumwaga kahawa ya leo juu ya ya jana kwa sababu tangi ni moja. Nusu itapitiliza na nusu haitafika.

Kuosha ni mara 3 au 4. Kwa njia ya zamani, yenye maji yanayotiririka, kilo moja ya kahawa kavu ya ganda humeza hadi lita 40. Watafiti wa Cenicafé, kituo cha utafiti wa kahawa cha Kolombia, wameonyesha kwamba ukiosha ndani ya tangi lenyewe, kwa kujaza, kukoroga na kumwaga, lita 4 hadi 5 kwa kilo zinatosha. Maji ya kwanza yanayotoka ni mazito, matamu na yenye tindikali; yakiingia kijitoni hula hewa ya samaki. Mkaguzi wa kilimo hai akikuta mfereji unaelekea mtoni, huandika kosa. Kwa hiyo huelekezwa kwenye shimo la kuchuja lenye kokoto, mchanga na chokaa. Maganda mekundu nayo huenda kwenye lundo la mboji.

Siku ya 3 hadi 14. Kukausha

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, na ndipo tungekaa zaidi kama tungepewa hiari. Kahawa iliyochumwa vizuri, ikamenywa vizuri, ikaoshwa kwa wakati, inaweza kuharibiwa na turubai.

Turubai likitandazwa chini uani hupata mvuke wa ardhi kwa chini, kuku kwa juu, na manyunyu ya ghafla saa 9 alasiri. Punje iliyokauka nusu ikiloa tena hupata mabaka, na ladha yake huwa ya gunia kuukuu. Wasomaji wa Kilimanjaro wanaojua vichanja vya wavu vilivyoinuliwa juu ya ardhi watashangaa kuona bado turubai linatumika sana huku, lakini mvua na ukungu wa miteremko hii vinataka zaidi ya kichanja. Jawabu lililozoeleka ni banda la jua: fremu ya mianzi au mbao, nailoni ngumu inayopitisha mwanga kwa juu, vichanja vya wavu ndani kwa ghorofa 2 au 3, na ncha zote mbili za banda zikiwa wazi. Zikifungwa, banda linageuka jiko la mvuke.

Punje hutandazwa unene wa sentimita 3 hadi 4 na kugeuzwa mara 4 hadi 6 kwa siku, zaidi katika siku 3 za mwanzo zinapokuwa bado na maji ya nje. Mkono hutumika pia kutoa zilizokatwa na zenye weusi. Mwisho unaotakiwa ni unyevu wa asilimia 10 hadi 12. Shambani hakuna kipimo, kwa hiyo watu huuma. Meno yakizama, bado mbichi. Yakiacha alama tu, imefika. Ikivunjika vipande, imepita. Bora kuliko kuuma ni kumenya ganda na kutazama rangi: punje iwe ya kijani chenye ubuluu, rangi moja toka ncha hadi ncha. Ikiwa na kitovu cheusi, maji yamebaki ndani.

Kukausha kwa pupa siku 5 juani kunamshawishi kila anayedaiwa. Ganda la nje hukauka, ndani kunabaki unyevu, na wiki chache baadaye ghalani kahawa hupauka na kuota ukungu. Juu ya asilimia 13 hatari si ladha pekee, kuna sumu ya ukungu iitwayo okratoksini, na Ulaya inaipima.

Siku ya 15. Nyumbu, kisha kituo cha kukusanyia

Kahawa kavu bado imo ndani ya ganda lake jepesi la ndani. Huku huitwa pergamino. Gunia moja kila ubavu wa nyumbu, saa 2 hadi 4 kuteremka mpaka barabara ya magari. Wizi njiani ni nadra kuliko mtu angedhani, kwani vijiji hulindwa na rondas campesinas, doria za wakulima wenyewe zilizoanzia mkoani humu, Cuyumalca huko Chota, Desemba 1976.

Gunia nalo linakaguliwa. Lililowahi kubeba mbolea ya chumvichumvi au dawa ya magugu linatosha kufuta uhai wote wa kilimo hai: masalio hushika kwenye punje na maabara ya mnunuzi huyaona. Ushirika hugawa magunia mapya yenye alama, na sheria ni kwamba hayatumiki kwa kitu kingine.

Barabarani kuna wanunuzi wawili. Mmoja ni dalali mwenye mizani ya kuning'iniza na noti mkononi. Hachungulii cheti, hapimi unyevu kwa makini, hulipa papo hapo. Wa pili ni kituo cha ushirika: kinapima unyevu, kinachukua sampuli, kinaandika jina la mwanachama, namba yake na hali ya shamba lake, kisha kinatoa stakabadhi na malipo ya awali.

Ushirika usipokuwa na fedha siku hiyo, kahawa ya kilimo hai iliyogharimu miaka 3 ya mpito bila dawa za viwandani huuzwa kama kahawa ya kawaida na kupotelea humo. Tumeona watu wakimlaumu mkulima kwa hilo. Lawama hiyo si ya haki. Mtu mwenye wachumaji mlangoni na ada ya shule mezani hawezi kula cheti. Ndiyo maana katika kanuni zote za Fairtrade, wenye cheti kile cha biashara ya haki, tunaishika moja kuliko nyingine: ushirika ukiomba, mnunuzi anatakiwa kuwezesha mkopo wa awali wa hadi asilimia 60 ya thamani ya mkataba. Mnunuzi anayetangaza kima cha chini cha bei kwenye pakiti lakini akakwepa mkopo huo amelirudisha zigo la kungoja mgongoni mwa mwenye hekta 2.

Siku ya 16. San Ignacio hadi Jaén, takriban kilomita 110

Lori linashuka kutoka baridi hadi mashamba ya mpunga. Jaén iko kwenye mita 700 na ushei, na joto lake halifai kutunzia kahawa muda mrefu. Magunia hupangwa juu ya mbao, yakiachana na ukuta nusu mita, na kahawa ya kilimo hai hukaa upande wake yenye kibao. Dizeli, sabuni, vitunguu: chochote chenye harufu hakiingii, kwa sababu punje hufyonza harufu kama chumvi inavyofyonza maji.

Siku ya 17. Maabara

Kwanza tija ya punje. Sampuli hukobolewa, kasoro hutolewa, kinachobaki hupimwa kama asilimia ya uzito wa mwanzo. Ukitaka kuona maana yake, fanya hesabu: kwintali ya Peru ni kilo 46 za kahawa safi. Kwa tija ya asilimia 78 zinahitajika kilo 59 za pergamino; kwa asilimia 72, karibu kilo 64. Hizo kilo 5 ni jasho la mkulima lililoishia kwenye punje zilizotobolewa na zilizokatwa, na hulipiwa kidogo sana.

Kisha kuonja. Kahawa hukaangwa rangi hafifu na kupumzishwa saa 8 hadi 24. Gramu 8.25 kwa kila mililita 150 za maji ya nyuzijoto 93, vikombe 5 kwa sampuli moja. Dakika ya 4 waonjaji huvunja utando wa juu kwa mgongo wa kijiko na kunusa. Vikombe 5 vina kazi: kimoja kikinuka siki na 4 vikawa safi, hilo ni kosa la kumenya au kuchanganya matangi, na fundi wa shambani anajua aende kurekebisha nini. Kuanzia pointi 80 kati ya 100 kahawa huhesabiwa kuwa ya daraja maalumu. Matokeo yanapaswa kumrudia mkulima kwa maandishi. Ushirika unaoonja bila kumwambia aliyelima unamnyima shule aliyoilipia.

Siku ya 18 hadi 31. Ghala na karatasi

Kontena moja la futi 20 hubeba magunia 275 ya kilo 69, yaani kilo 18,975, au kwintali 412.5. Mwenye hekta 2 akivuna kwintali 12 kwa hekta, kontena linataka mavuno mazima ya familia 17 na ushei. Ndiyo maana kunangojewa.

Tangu tarehe 1 Agosti 2023 kima cha chini cha Fairtrade kwa arabika iliyooshwa ni dola 1.80 kwa ratili, na kilimo hai huongeza dola 0.40. Malipo ya ziada ya maendeleo ni dola 0.20, ambayo wanachama huamua matumizi yake katika mkutano mkuu. Angalau senti 5 kati yake ziende kwenye tija na ubora. Kwa kontena letu, ratili 41,832, malipo ya ziada pekee ni kama dola 8,366. Soko la kahawa la New York likipanda juu ya kima cha chini, bei ya soko ndiyo huanza kuhesabiwa, na nyongeza zote mbili huwekwa juu yake.

Bei ikipanda, hata hivyo, ushirika huumia kwa njia nyingine. Februari 2025 New York ilipita dola 4 kwa ratili. Ushirika uliokuwa umefunga bei ya mkataba miezi mingi kabla ulitakiwa kukusanya kahawa kwa bei ambayo dalali angeizidi barabarani bila kufikiri. Njia salama ni mkataba unaoacha bei wazi, ikapangwa kidogo kidogo siku ileile kahawa inaponunuliwa kutoka kwa wanachama. Peru haina mnada kama wa Moshi. Ushirika huzungumza na mnunuzi moja kwa moja, na hatari yote ya bei hubaki kati ya hao wawili.

Karatasi ni kazi ya kweli. Kila mwanachama hutembelewa na mkaguzi wa ndani walau mara moja kwa mwaka: mipaka na jirani anayepuliza dawa, ghala, mavuno yaliyokadiriwa. Mkadirio huo ndio kufuli. Aliyekadiriwa kwintali 24 akileta 40, kuna kahawa ya mtu mwingine ndani. Juu ya hapo, sheria ya Ulaya namba 2018/848 inataka mkaguzi wa nje akague upya asilimia 5 ya wanachama, sampuli za masalio zichukuliwe kwa asilimia 2, na kikundi kisizidi watu 2,000. Sheria ya Ulaya ya kuzuia ukataji misitu inadai kila shamba lionyeshwe kwenye ramani, nukta moja ikitosha kwa shamba lisilozidi hekta 4, na msitu usiwe umekatwa baada ya 31 Desemba 2020. Kazi ya kupima nukta hizo hufanywa na kijana wa ushirika mwenye simu, na mara nyingi hakuna mnunuzi aliyelipia mafuta ya pikipiki yake.

Siku ya 32. Jaén hadi Piura

Lori hupitia Chamaya, likafuata bonde, likapanda Abra de Porculla, mita 2,145, njia ya chini kuliko zote kuvuka Andes ya Peru, kisha likateremka Olmos kwenye jangwa la pwani. Turubai la lori hukaguliwa kabla ya kuondoka: ukungu wa Porculla hulowesha.

Siku ya 33 na 34. Kiwanda cha kukoboa

Kusafisha, kukoboa, chekeche za ukubwa, meza ya uzito inayotenganisha nyepesi na nzito, kamera za rangi, magunia. Kabla ya mzigo wa kilimo hai mitambo husafishwa, na kilo za kwanza zinazopita huandikwa kahawa ya kawaida kwa sababu zimesukuma masalio ya mzigo uliotangulia. Meneja mwenye haraka huruka hatua hii, na kilo hizo chache zinaweza kufelisha kontena zima.

Siku ya 35. Paita

Kilomita 57 tu. Kontena hukaguliwa ukiwa umejifungia ndani, milango imefungwa: mwanga ukipenya popote, lina tundu, likatae. Kuta hufunikwa kwa karatasi nene, mifuko ya kufyonza unyevu huning'inizwa. Usiku wa baharini ukipoza bati, jasho hudondoka kutoka darini kama mvua.

Siku ya 36 hadi 42. Kungoja meli

Cheti cha afya ya mimea cha SENASA (mamlaka ya Peru ya afya ya mimea na mifugo), cheti cha asili, hati ya shehena. Cheti cha ukaguzi wa kilimo hai kwa Ulaya lazima kitolewe kwenye TRACES, mfumo wa mtandaoni wa Umoja wa Ulaya, kabla mzigo haujaondoka nchini. Ukikisahau, kahawa itashuka Hamburg ikiwa salama kabisa, lakini itauzwa kama ya kawaida: senti 40 kwa kila ratili, karibu dola 16,700 kwa kontena, zimeyeyuka kwa tarehe moja.

Hati zikimfikia mnunuzi, hulipa. Mkopo wa awali hukatwa na riba yake, gharama hukatwa, na kinachobaki hurudi kwa wanachama kama malipo ya pili baada ya hesabu za msimu kufungwa, mara nyingi mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Ni wakati wa mvua, mibuni inanyonya. Malipo hayo yakifika kwa wakati, hununua guano, yaani samadi ya ndege wa visiwani, mfuko wa kilo 50, ikachanganywa na mboji ya maganda yaleyale ya Julai.